MIZANI YA MHAKIKI: MICHEZO YA VIDEO YA GHARAMA YA KADRI NA FUNZO LAKE KWA MTAHINIWA WA FASIHI

Utangulizi

Mwalimu mpendwa, nawe mtahiniwa, kila tunaposahihisha mitihani ya majaribio ya Karatasi ya Tatu huwa kuna swali linalowaangusha hata wale waliovisoma vitabu teule mara tatu. Ni swali linalouliza, 'Je, mtunzi amefaulu kwa kiasi gani?' Mtahiniwa hujaza kurasa tatu akithibitisha kwamba mtunzi amefaulu. Hoja anazo na mifano anayo, lakini hakuna mahali alipopima chochote. Neno 'kiasi' amelipita kama abiria anavyopita kituo chake akiwa amelala.

Jioni moja baada ya kusahihisha mtihani wa aina hiyo, nilipita kwenye chumba cha gemu nyuma ya maduka, hapa Buruburu. Nilimkuta mmoja wa vijana wangu akingoja zamu yake ya kucheza kandanda. Jibu lake la mtihani lilikuwa ndani ya mkoba wangu: alama saba kwa ishirini. Wenzake walikuwa wakimuuliza kuhusu mchezo mwingine aliokuwa ameucheza kwa binamu yake wakati wa likizo. Akawaambia, 'Hadithi yenyewe iko fiti. Inaweza kukutoa machozi. Lakini vita vinaboesha, unapigana na watu walewale tu. Na picha ni kali, ila ukikosea kidogo unarudishwa nyuma.' Kisha akatoa hukumu: 'Nunua bei ikishuka.'

Nilisimama mlangoni nikiwa nimeduwaa. Kwa sentensi tano kijana huyu alikuwa amefanya kazi aliyoshindwa kuifanya katika kurasa tatu. Alitenga hadithi na utendaji, akataja ubora, akataja kasoro, akavipima, akatoa uamuzi unaolingana na ushahidi. Huo ndio uhakiki. Tatizo lake halikuwa akili. Tatizo ni kwamba darasani tumemzoeza kuamini kuwa kitabu teule hakihakikiwi bali husifiwa.

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi michezo ya video ya gharama ya kadri, pamoja na ubora na udhaifu wake, inavyoweza kumfundisha mtahiniwa kupima kazi ya sanaa. Tutautumia mchezo mmoja kama kielelezo kikuu, tutaangalia kwa ufupi michezo ya hapa kwetu, kisha tutaonyesha namna ya kuuhamisha ujuzi huo hadi kwenye karatasi ya mtihani.

Maana ya Istilahi

Ni vyema kwanza tufafanue tunachozungumzia. Michezo ya video inaweza kugawika katika makundi matatu kulingana na gharama na umiliki.

(a) Michezo mikubwa. Hii hutungwa na mamia ya watu kwa miaka mingi. Kwa mfano, The Last of Us Part II (2020) uligharimu takriban dola milioni 220 za Marekani. Fedha zikiwa nyingi namna hiyo, watunzi huogopa kujaribu mambo mageni. Kazi zao hung'ara, lakini nyingi hufanana.

(b) Michezo huru. Hii hutungwa na mtu mmoja au kikundi kidogo kisichomilikiwa na kampuni kubwa. Stardew Valley (2016), kwa mfano, ulitungwa na Eric Barone peke yake, akifanya programu, michoro, muziki na maandishi. Mtunzi wa aina hii ana uhuru wa mshairi: hakuna wa kumzuia, wala hakuna wa kumsaidia.

(c) Michezo ya gharama ya kadri. Hii iko katikati. Ina timu ya watu kadhaa, fedha za kutosha kuajiri waigizaji na wanamuziki, lakini haina fungu la kurekebisha kila kitu. Mfano unaotajwa sana ni Hellblade: Senua's Sacrifice (2017), uliotungwa na timu ya watu wapatao ishirini nchini Uingereza na kuuzwa kwa karibu nusu ya bei ya mchezo mkubwa.

Ifahamike kwamba mipaka ya makundi haya si ukuta wa mawe. Mchezo unaweza kutungwa na studio huru na wakati huohuo ukafadhiliwa na kampuni kubwa. Ndivyo ulivyo mchezo tutakaouchambua.

Kundi hili la tatu ndilo linalomfaa mwalimu. Mchezo mkubwa humlemaza mhakiki kwa fahari yake. Mchezo mdogo sana humfanya aone huruma. Wa kadri humlazimisha kufikiri, kwa kuwa mazuri na mabaya yake yamekaa kwenye meza moja.

Muhtasari wa Tales of Kenzera: Zau

Mchezo huu ulitolewa tarehe 23 Aprili 2024 na Surgent Studios ya Uingereza, studio iliyoanzishwa na Abubakar Salim. Salim ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji wengi walikuwa wakimjua kama sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins (2017). Mchezo ulichapishwa na Electronic Arts, kampuni ileile inayouza kandanda inayochezwa katika vyumba vya gemu vya Buruburu kila jioni. Bei yake wakati wa kutolewa ilikuwa dola 19.99, yaani takriban shilingi 2,600 za Kenya kwa kiwango cha wakati huo.

Babake Salim alifariki mwaka wa 2013 kutokana na saratani. Mchezo huu ni njia ya mwana ya kuomboleza. Umesimuliwa kwa mtindo wa hadithi ndani ya hadithi. Katika hadithi ya nje kuna kijana Zuberi ambaye amefiwa na babake. Baba huyo amemwachia kitabu alichokiandika, na Zuberi anapokifungua, tunaingia katika hadithi ya ndani.

Huko tunakutana na Zau, mganga kijana ambaye pia amefiwa na babake. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mkataba: atamletea roho tatu kuu zilizokataa kuingia kuzimu, naye Kalunga amrudishie babake. Roho hizo ni Impundulu, GaGorib na Kikiyaon. Kalunga anafuatana naye njiani, wakizungumza. Silaha za Zau ni vinyago viwili: kinyago cha jua cha kupigana kwa karibu, na kinyago cha mwezi cha kushambulia kutoka mbali.

Mchezaji humwona Zau kutoka ubavuni, akiruka, akipanda na kupigana. Njia zilizofungwa hufunguka kadiri anavyopata uwezo mpya. Safari nzima huchukua takriban saa nane hadi kumi.

Jambo moja linapaswa kumgusa kila mwalimu wa somo hili: mchezo huu una sauti za Kiswahili. Mchezaji anaweza kuchagua kuwasikia Zau na Kalunga wakizungumza Kiswahili badala ya Kiingereza.

Ubora wa Mchezo

(i) Maudhui mazito yenye uzima. Michezo mingi ya video humtumia marehemu kama sababu ya kulipiza kisasi. Baba huuawa katika dakika ya tano, na baada ya hapo ni risasi tu. Hapa kifo cha baba hakina wa kulaumiwa. Zau hana adui wa kumuua ili apone. Adui ni ule mkataba wenyewe, yaani ile tamaa ya mwanadamu ya kukataa kilichokwisha kutokea. Mtu yeyote aliyewahi kukaa matangani ataitambua hali hii.

(ii) Msuko wa hadithi ndani ya hadithi. Mbinu hii imetumiwa kwa sababu maalum. Zuberi hawezi kuzungumza na babake tena, lakini anaweza kumsoma. Kwa hivyo kitabu kinakuwa sauti ya marehemu. Mtahiniwa aliyezoea kuandika kwamba 'hadithi ndani ya hadithi huendeleza ploti' ataona hapa kazi nyingine ya mbinu hiyo: huunganisha vizazi viwili ambavyo kifo kimevitenganisha.

(iii) Usawiri wa Kalunga. Mtu angetarajia mungu wa mauti awe mhusika bapa, mwenye kutisha na kucheka vibaya. Kinyume cha matarajio hayo, Kalunga ni mpole, mvumilivu na mwenye maneno ya mzee. Anamwelekeza Zau kama mjomba anavyomwelekeza mpwa wake. Tunapata kinaya kizuri: yule aliyemchukua baba ndiye anayefanya kazi ya baba.

(iv) Fani inayobeba maudhui. Katika sehemu kadhaa Zau huketi chini ya mbuyu na kutafakari juu ya babake, na baada ya kutafakari uwezo wake wa kustahimili mapigo huongezeka. Tazama jambo hili kwa makini. Mtunzi angeweza kumwandikia mhusika sentensi isemayo kwamba kuomboleza humpa mtu nguvu. Badala yake amelifanya liwe tendo la mchezaji. Katika fasihi simulizi tunafundisha kuhusu hadhira tendi, ile inayoitikia, inayoimba na kushiriki. Mchezaji ni hadhira tendi ya kiwango cha juu: bila mkono wake, Zau haketi.

(v) Mandhari, muziki na lugha. Rangi za mchezo huu hazisahauliki. Muziki wa Nainita Desai hubadilika pamoja na hisia. Aidha, kusikia Kiswahili kikitumiwa kuzungumza na mauti, wala si kuuza sabuni, ni jambo ambalo kijana wa Eastlands hajalizoea kwenye kioo cha mchezo.

Kasoro za Mchezo

(i) Mapigano yenye marudio. Aina za maadui ni chache. Wahakiki wengi walilalamika kwamba baada ya saa chache mchezaji hukutana na walewale, kwa idadi kubwa zaidi. Katika fasihi, takriri ni mbinu inapoongeza maana. Isipoongeza maana ni uchovu. Hapa mara nyingi ni uchovu.

(ii) Adhabu isiyolingana na kosa. Kuna mahali ambapo kugusa mwiba mara moja huwa ni kufa papo hapo na kurudishwa nyuma. Mchezo unaohubiri uvumilivu na upole kwa aliyefiwa unamwadhibu mchezaji bila upole. Kasoro hii ina uzito kuliko ile ya kwanza, kwa sababu fani inapingana na maudhui.

(iii) Kueleza kupita kiasi. Mazungumzo ya Zau na Kalunga mara nyingine hutamka waziwazi kile ambacho mchezaji amekwisha kukihisi. Zau akikasirika, tunaambiwa amekasirika na kwa nini. Mtunzi hakuuamini mbuyu wake. Ni udhaifu uleule tunaoukuta katika hadithi fupi ambayo msimulizi wake hukatiza tendo ili atoe mawaidha.

(iv) Mseto wa mila. Mchezo hunadiwa kama uliotokana na visasili vya Wabantu. Kalunga ni dhana ya kale katika Afrika ya Kati, hasa miongoni mwa Wakongo, inayohusu mpaka baina ya walio hai na wafu. Impundulu, ndege wa radi, anatoka kusini mwa Afrika kwa Waxhosa na majirani wao. Lakini GaGorib ni zimwi la Wakhoikhoi, ambao si Wabantu, naye Kikiyaon ni kiumbe wa Senegambia, magharibi kabisa. Je, hii ni kasoro au ni uhuru wa msanii? Mhakiki mmoja atasema mtunzi amechanganya Afrika yote katika sufuria moja. Mwingine atasema ngano zimekuwa zikisafiri na kuchanganyika tangu jadi. Zote mbili ni hoja halali zikitolewa ushahidi. Nami naegemea upande wa pili, kwa sharti moja: mtunzi anapochanganya, asitumie jina la kundi moja kuwafunika wengine.

Chanzo cha Mchanganyiko Huu

Mhakiki mzuri haishii katika kuorodhesha. Huuliza kwa nini ubora na kasoro vimekaa pamoja. Katika michezo ya kadri jibu mara nyingi ni fungu.

Kila adui mpya ni lazima achorwe, apewe miondoko, apewe sauti, kisha ajaribiwe mara nyingi. Mtunzi mwenye dola milioni mia mbili hufanya yote. Mtunzi wa kadri hana budi kuchagua. Akiziweka fedha kwenye sauti za lugha mbili, muziki na picha, atapunguza penginepo. Kwa hivyo kasoro ya mchezo wa kadri mara nyingi ni kivuli cha ubora wake.

Kueleza chanzo si kutetea kosa. Mchezaji aliyetoa shilingi 2,600 haambiwi, 'Vumilia, watunzi walikuwa wachache.' Hapa Buruburu tunalijua jambo hili vyema kutokana na matatu zetu. Gari linaweza kuwa limepakwa rangi na wachoraji stadi, lina muziki wa kutetemesha vioo na taa za kila namna. Breki zake zikiwa mbovu, tutasifu mchoro na tutalalamikia breki, tena katika pumzi moja. Hakuna anayesema kwamba mchoro umefuta kosa la breki, wala kwamba breki zimeufanya mchoro kuwa mbaya. Uzito wa kila kimoja hutegemea kazi ya gari: kuwafikisha watu salama.

Mambo yaliyoufuata mchezo huu yanathibitisha kwamba mizani ni nyingi. Mnamo Julai 2024, miezi mitatu tu baada ya kuutoa, studio ilitangaza kupunguza zaidi ya wafanyakazi kumi. Oktoba mwaka uohuo ikatangaza kusimamisha kwa muda kitengo chake cha michezo huku ikitafuta ufadhili. Kisha Aprili 2025, mchezo uleule ukapata tuzo ya BAFTA katika kitengo cha michezo inayovuka mipaka ya burudani. Julai 2025 studio ikatoa mchezo mwingine, Dead Take, wa kutisha na wa aina tofauti kabisa. Soko lilitoa hukumu moja, tuzo ikatoa nyingine, na wahakiki wa uchezaji wakawa katikati. Nani alikosea? Huenda hakuna. Kila mmoja alikuwa akipima kitu tofauti. Kwa hivyo mhakiki anapaswa kusema kwanza anachokipima.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu. Mchezo kama huu hauonekani sana katika vyumba vya gemu vya Eastlands, na sababu si ubaya wake. Katika vyumba hivi mteja hulipia mechi au muda. Kandanda huisha kwa dakika chache, huchezwa na wawili, na waliobaki hushangilia wakingoja zamu. Hadithi ya saa nane ya mtu mmoja anayemlilia babake haiingii katika biashara hiyo. Kwa hivyo kazi ambayo ingemfaa sana kijana wetu kwa lugha na maudhui humfikia kwa nadra, kwa binamu mwenye mashine nyumbani. Nayo fasihi andishi hupatwa na mambo kama hayo: vitabu vingi vizuri havisomwi kwa kuwa havimo katika orodha ya mtihani.

Michezo ya Kwetu na Mtego wa Uzalendo

Kenya nayo ina watunzi. Mwaka wa 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa msichana anayesaka vitu vya kale, akiwa amefanya kazi hiyo wakati ambapo hapakuwa na tasnia ya kumwegemeza. Ulifuata Ma3Racer, mchezo wa simu uliompa mchezaji usukani wa matatu katika barabara za Nairobi. Mwaka wa 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, ambapo askari Otero anaupigania mji dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali.

Hapa mtahiniwa hukabiliwa na mitego miwili. Wa kwanza ni wa uzalendo: kusifu kwa sababu ni chetu. Wa pili ni wa kutojiamini: kudharau kwa sababu ni chetu. Yote miwili humzuia mtu kuitazama kazi yenyewe.

Tuchukue Nairobi X. Ubora wake ni mandhari. Kuyaona majengo ya Nairobi yakiwa uwanja wa kisa kikubwa ni kumwambia mchezaji kwamba historia ya dunia inaweza kutokea kwake pia. Udhaifu wake ni msuko. Askari shujaa dhidi ya wavamizi wa anga ni kisa tulichokizoea katika filamu za Marekani, na ukibadilisha majengo tu, kisa kinaweza kuhamia mji wowote. Ma3Racer una hali iliyo kinyume. Hauna hadithi ndefu, lakini wazo lake haling'oki Nairobi, kwani matatu ndiyo inayouendesha mchezo. Tukilinganisha kwa kigezo cha uhusiano wa mandhari na tendo, mchezo mdogo unaushinda mkubwa. Tukilinganisha kwa kigezo cha ukubwa wa kazi ya kiufundi, hukumu inageuka.

Tusiwasahau majirani. Kule Kamerun, studio ya Kiro'o Games ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka wa 2016. Mwanamfalme Enzo anapinduliwa siku ya kutawazwa kwake, naye pamoja na mkewe Erine wanaanza safari ya kukirudisha kiti cha enzi. Mwanafunzi aliyesoma mighani atatambua mengi humo: shujaa, uhamisho, majaribio na kurejea. Mwalimu anaweza kumwomba aonyeshe ni wapi mtunzi ameufuata mkondo wa mighani na ni wapi ameuacha. Kumpa shujaa mke anayesafiri na kupigana pamoja naye, kwa mfano, si jambo la kila mighani.

Kutoka Chumba cha Gemu hadi Karatasi ya Mtihani

Mtahiniwa, huenda unajiuliza haya yote yatakusaidia vipi. Kwanza, tahadhari: usitaje michezo hii katika jibu lako la vitabu teule. Mtahini anataka ushahidi kutoka katika kitabu alichokitaja. Unachohamisha ni namna ya kupima tu. Zingatia hatua hizi:

1. Taja unachokipima. Je, ni maudhui, usawiri wa wahusika, msuko au matumizi ya lugha? Usipime vyote kwa neno moja la 'kufaulu'.

2. Toa ubora pamoja na ushahidi. Usiseme 'wahusika wamesawiriwa vizuri'. Sema ni mhusika gani, katika tukio lipi, na uzuri huo unaleta nini.

3. Toa udhaifu kwa heshima na ushahidi. Kukosoa si kutukana. Ukishindwa kutaja tukio linalothibitisha udhaifu, huo si udhaifu, ni chuki yako.

4. Linganisha uzito. Je, udhaifu huo unagusa kiini cha kazi au ukingo wake? Maadui walewale wanachosha. Adhabu kali inayopinga ujumbe wa upole inagusa kiini.

5. Toa uamuzi unaotokana na hatua nne za kwanza. Uamuzi wa 'kwa kiasi kikubwa' au 'kwa kiasi fulani' ni halali ikiwa msomaji anaweza kuona ulivyofikiwa.

Linganisha majibu mawili kwa swali, 'Mtunzi wa mchezo huu amefaulu kwa kiasi gani kuwasilisha maudhui ya msiba?'

Jibu la kwanza: 'Mtunzi amefaulu sana kuwasilisha maudhui ya msiba. Ametumia wahusika kama vile Zau na Zuberi. Pia ametumia mandhari na mbinu nyingi za kisanaa zinazovutia. Mchezo unatufunza kwamba tusihuzunike sana.'

Jibu la pili: 'Mtunzi amefaulu kwa kiasi kikubwa. Zau anapoketi chini ya mbuyu na kutafakari juu ya babake, nguvu zake huongezeka, hivyo mchezaji anajifunza kwa vitendo kwamba kuomboleza si udhaifu. Hata hivyo, ujumbe huu unapunguzwa nguvu na adhabu za ghafla zinazomrudisha mchezaji nyuma kwa kosa dogo, na mazungumzo yanayoeleza hisia ambazo tendo limekwisha kuzionyesha. Kwa kuwa kasoro hizi haziondoi maana ya mkataba kati ya Zau na Kalunga, ambao ndio kiini cha mchezo, ufanisi unauzidi udhaifu.'

Jibu la kwanza linaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuushika mchezo huu mkononi. La pili haliwezi. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mtahini huitafuta, na ndiyo tofauti kati ya aliyesoma kitabu na aliyesoma mwongozo wa kitabu.

Ushauri kwa Mwalimu

Huhitaji kununua mashine yoyote. Waulize wanafunzi wataje mchezo, filamu au wimbo walioupenda kwa shingo upande, yaani walioupenda na papo hapo ukawaudhi. Waache waeleze kwa lugha wanayoizoea, hata kama ni Sheng. Andika hoja zao ubaoni kwa istilahi za somo: 'vita vinaboesha' iwe marudio yasiyoongeza maana, 'hadithi iko fiti' iwe maudhui yenye mvuto, 'unarudishwa nyuma' iwe fani inayokwaza mtiririko. Watashangaa kuona kwamba walikuwa wahakiki siku zote.

Kisha fungua kitabu teule na uwaombe wafanye vivyo hivyo. Kutakuwa na kimya mwanzoni, kwani wamezoea kwamba kitabu kilichopigwa muhuri hakina kosa. Kivunje kimya hicho wewe mwenyewe. Taja kasoro moja unayoiona, toa ushahidi, kisha waruhusu wakupinge. Mwalimu anayekubali kupingwa kwa ushahidi amekwisha kufundisha nusu ya uhakiki.

Hitimisho

Tumeona kwamba mchezo wa gharama ya kadri ni kazi yenye mseto wa mema na mapungufu, kwamba mapungufu hayo yana chanzo, na kwamba kazi ya mhakiki ni kupima huku akisema anatumia mizani gani. Mtahiniwa anayeweza kumpenda Zau na bado akamlaumu mtunzi wake yuko tayari kukabiliana na kitabu chochote atakachopewa.

Kijana wangu nilimrudishia karatasi yake siku ya pili. Pembeni nilikuwa nimeandika, 'Rudia jibu hili. Niandikie ulivyowaambia wenzako.' Alinitazama kwa mashaka, akauliza, 'Hata nikisema mwandishi amekosea, mwalimu?' Nikamwambia, ndiyo, mradi anionyeshe ukurasa.

Maswali ya Zoezi

1. 'Kasoro ya kazi ya kadri mara nyingi ni kivuli cha ubora wake.' Jadili kauli hii ukirejelea kitabu teule kimoja ulichosoma. (alama 20)

2. Eleza tofauti kati ya takriri kama mbinu ya sanaa na marudio kama udhaifu. Toa mifano miwili kwa kila upande. (alama 8)

3. Linganisha nafasi ya hadhira tendi katika utambaji wa ngano na nafasi ya mchezaji katika mchezo wa video wenye hadithi. (alama 6)

4. Mhusika anayewakilisha mauti anaposawiriwa kuwa mpole, ni athari gani hupatikana? Eleza tatu. (alama 6)